Msingi Mpana, Ukuta Mwembamba

Mtaa wa Al Mankhool uko upande wa Bur Dubai, kusini tu ya barabara ya Khalid bin Al Waleed, na leo umejaa majengo ya ghorofa, hoteli za bei ya kati na vyumba vya kupangisha. Lakini mwaka 1800, mji wa Dubai ulipojizungushia ukuta, eneo hilo lote lilikuwa nje, sehemu ya nchi ya mchanga iliyoanzia pale mji ulipoishia. Mji wenyewe ulikuwa kipande kidogo cha ardhi kwenye ukingo wa hori, yaani mkono wa bahari unaoingia bara, na ulinzi wake mkuu ulikuwa ngome ya Al Fahidi, ambayo kwa kawaida huelezwa kuwa ilijengwa mwaka 1787. Ukuta ulipojengwa, kwa mujibu wa vipimo vinavyotolewa katika mtaa wa kale wa Al Fahidi ambako kipande chake kinaonyeshwa, ulikuwa na urefu wa mita 600 hivi, kimo cha mita 2.5 na unene wa nusu mita. Mtu mzima angeweza kuuzunguka kwa miguu chini ya robo saa, na kwa kusimama juu ya mgongo wa ngamia angeweza kuchungulia ndani.

Inafaa kuuweka ukuta huo mdogo kando ya ukuta mwingine uliojengwa na dola iliyokuwa na uwezo wa kila namna, kwa sababu tofauti ya ukubwa inafundisha jambo ambalo ukubwa peke yake hulificha. Ukuta wa Hadrian, uliojengwa na Warumi kuvuka kaskazini ya Uingereza kuanzia mwaka 122 baada ya Kristo, ulikuwa na urefu wa maili 80 za Kirumi, ambazo ni takriban kilomita 117, na sehemu zake pana zilikuwa na unene wa mita 3. Mtu akizidisha vipimo vya ukuta wa Dubai atapata mita za ujazo 750 za mawe na udongo. Kiasi hicho kingetosha kujenga mita 60 hivi za ukuta wa Kirumi wenye upana kamili na kimo cha mita 4, na baada ya hapo fundi mwashi wa Kirumi angekuwa ameishiwa vifaa. Hata hivyo kuta zote mbili ziliwalazimisha wajenzi wake kujibu maswali yaleyale: jiwe litatoka wapi, litaunganishwa kwa nini, upana gani unatosha, na nani ataamua kwamba kazi imekwisha. Majibu ya maswali hayo hayaonekani kwa urahisi katika sehemu ya ukuta iliyokamilika vizuri. Huonekana pale ambapo kazi ilibadilishwa njiani, ilikatizwa au iliachwa.

Kwa Dubai, swali la jiwe lilijibiwa na bahari. Pwani ya Ghuba haina mawe mengi ya kujengea karibu na mchanga wake, kwa hiyo waashi walitumia matumbawe yaliyotolewa majini, mepesi na yenye matundu mengi, ambayo hukatika kwa urahisi yakiwa mabichi na kuwa magumu yanapokauka. Swali la kiungo lilijibiwa na ukosefu wa kuni. Ili kupata chokaa, jiwe la chokaa au tumbawe lazima lichomwe kwa joto la karibu nyuzi 900, na moto huo unakula magogo mengi. Jasi, kwa upande mwingine, ambayo ni madini laini meupe yanayopatikana katika ardhi ya chumvi ya Ghuba, hugeuka kuwa unga wa kujengea kwa joto la nyuzi 150 tu au zaidi kidogo. Nchi isiyo na misitu ilichagua jasi, na ikakubali udhaifu wake, kwamba jasi huyeyuka polepole kwenye maji, kwa sababu mvua ya Dubai ni chache. Adui mkubwa wa ukuta wa namna hiyo ni unyevu wa chumvi unaopanda kutoka ardhini na kula sehemu ya chini, na ndiyo maana kuta za matumbawe katika Ghuba huanza kufa kutokea miguuni.

Msomaji wa Mombasa, Lamu au Unguja hatahitaji maelezo marefu juu ya tumbawe, maana miji yake ilijengwa kwa jiwe hilohilo. Tofauti ni kwamba pwani ya Waswahili ilikuwa na mikoko na misitu, na hivyo iliweza kuchoma chokaa kwa wingi, kwa kupanga matumbawe juu ya rundo la magogo na kuliwasha. Misitu hiyohiyo ya mikoko ndiyo iliyoezeka Ghuba. Boriti kutoka Lamu na delta ya Rufiji zilisafirishwa na majahazi yaliyokuja na kaskazi na kurudi na kusi, na biashara hiyo iliendelea hadi karne ya 20. Baharia na mwandishi Alan Villiers alisafiri na jahazi la Kuwait katika msimu wa 1938 hadi 1939 na akashuhudia boriti zikipakiwa Rufiji. Kwa kuwa boriti ya mkoko ikiwa ndefu kupita kiasi huanza kupinda chini ya uzito wa dari, vyumba vya nyumba za zamani za Dubai vina upana wa karibu mita 3, sawa kabisa na vyumba vya nyumba za mawe za Lamu. Ukuta wa mji haukuhitaji boriti, lakini nyumba zilizoinuka baadaye mahali ulipobomolewa zilizihitaji, na kwa njia hiyo miti ya Rufiji iliingia katika historia ya eneo hili.

Maelezo ya kale ya ukuta wa Dubai ni machache. Mwaka 1822, miaka miwili baada ya Dubai kutia saini mkataba wa amani ya baharini pamoja na Waingereza, mpima pwani wa majini Luteni Cogan alichora mji huo na kuueleza kuwa wenye umbo la yai, wenye watu 1,000 hivi na uliozungukwa na ukuta wa udongo. Neno udongo limewatatiza baadhi ya wasomaji, kwa kuwa kipande kinachoonyeshwa leo kinaelezwa kuwa cha matumbawe na jasi. Hakuna sababu ya kuona mgongano mkubwa hapo. Matumbawe yaliyopangwa na kupigwa lipu yenye rangi ya mchanga, yakitazamwa kutoka kwenye sitaha ya meli, hayana tofauti na udongo, na mpima pwani alikuwa na kazi ya kupima kina cha maji na kuhesabu minara. Hakulipwa kukwangua lipu. Jambo la maana katika mchoro wake ni umbo. Ukuta ulifuata mji uliokuwepo, ukajipinda pamoja nao, na haukupigwa kwa kamba iliyonyooka kama wapimaji wa dola wanavyofanya.

Warumi hawakufika Dubai na jeshi. Bidhaa zao zilifika: huko Ed-Dur, katika pwani ya Umm al-Quwain kaskazini-mashariki mwa Dubai, wachimbaji wa mambo ya kale wamepata vioo vya Kirumi vya karne ya kwanza baada ya Kristo, pamoja na ngome ndogo ya pembe nne yenye minara na hekalu la mungu wa jua, vyote vilivyojengwa kwa jiwe la ufukweni. Mbali zaidi ambako askari wa Roma wanajulikana kuwa na kambi katika bahari za kusini ni visiwa vya Farasan, katika Bahari ya Shamu, ambako maandishi ya Kilatini ya mwaka 144 yanataja kikosi chao. Mpaka wa Roma katika Arabuni ulikuwa wa barabara, visima na ngome zilizotawanyika jangwani, kwa kuwa jangwa lenyewe lilifanya kazi ya ukuta. Kaskazini ya Uingereza hapakuwa na jangwa, na hapo ndipo Kaisari Hadrian, aliyefika kisiwani mwaka 122, alipoagiza kizuizi cha kutoka bahari hadi bahari, na gavana wake Aulus Platorius Nepos akasimamia kazi.

Mpango wa awali unaweza kusomwa kutokana na mabaki, na ni lazima usomwe kutokana na mabaki, kwa sababu maandishi ya kale yaliyosalia juu ya kuanzishwa kwa ukuta huu ni sentensi moja tu katika wasifu wa Hadrian ulioandikwa muda mrefu baadaye. Kila maili ya Kirumi palikuwa na boma dogo lenye lango, ambalo wataalamu huliita boma la maili, na kati ya boma moja na jingine palikuwa na minara miwili ya ulinzi. Sehemu ya mashariki, kutoka karibu na mji wa Newcastle wa leo hadi mto Irthing, ilikusudiwa kuwa ya mawe, yenye upana wa futi 10 za Kirumi. Sehemu ya magharibi, kutoka Irthing hadi Bowness kwenye mlango wa bahari wa Solway, ilijengwa kwanza kwa mabonge ya ardhi yaliyokatwa pamoja na majani yake na kupangwa kama matofali, hadi kufikia upana wa mita 6 chini. Kaskazini ya ukuta lilichimbwa handaki. Kazi iligawiwa lejioni tatu, yaani vikosi vikubwa vya askari wapatao 5,000 kila kimoja, nazo ni ya pili, ya sita na ya ishirini; na ndani ya lejioni kila kundi la askari 80 hivi lilipewa kipande chake, likakikamilisha na kuweka jiwe lenye jina la kamanda wake, ili mkaguzi ajue nani alijenga wapi. Askari ndio waliokuwa waashi, wapimaji na wachoma chokaa, na hilo lina umuhimu kwa yanayofuata, kwa sababu kundi la askari hutii amri mpya hata ikifika katikati ya tofali.

Amri mpya ilifika. Wakati fulani katika miaka ya mwanzo ya ujenzi iliamuliwa kwamba upana wa futi 10 upunguzwe hadi futi 8 au chini yake. Kufikia wakati huo makundi ya kuweka msingi yalikuwa yametangulia mbele, na makundi ya minara na maboma yalikuwa yamekwisha kusimamisha majengo mengi yakiwa na mabawa mafupi ya ukuta pande zote mbili, mabawa ambayo yalitakiwa kupokea ukuta mpana pindi wajenzi wake watakapofika. Wajenzi walipofika walikuwa na kipimo kipya mkononi. Matokeo ni kwamba katika sehemu nyingi za Ukuta wa Hadrian msingi mpana umelala chini na ukuta mwembamba umekaa juu yake, ukiacha ukingo mtupu wa jiwe kama kidato; na penye mnara, ukuta mwembamba unagonga bawa pana na kuacha pembe inayojitokeza bila kazi. Mnara wa Brunton, juu ya bonde la mto North Tyne, umekuwa mfano wa darasani: upande mmoja unaungana na ukuta mpana na upande mwingine na ukuta mwembamba, kana kwamba mafundi wawili hawakuwahi kuzungumza. Walizungumza, bila shaka, lakini hapakuwa na mtu aliyeona haja ya kubomoa bawa lililokwisha jengwa ili kuridhisha macho ya vizazi vijavyo.

Kutokana na vidato hivyo mtafiti anapata mpangilio mzima wa kazi ambao ukuta uliokamilika usingempa kamwe. Anajua kwamba misingi ilitangulia kuta, kwamba maboma na minara ilitangulia kuta zilizoviunganisha, na kwamba wajenzi wa ukuta wenyewe ndio waliochelewa. Akikuta mahali ambapo bawa ni pana lakini msingi wa kando ni mwembamba, anajua kwamba kundi la msingi lilikuwa halijafika pale amri ilipotolewa. Kwa kufuata alama hizo kilomita baada ya kilomita, wataalamu wameweza kusema ni lejioni gani ilifanya kipande gani, kwa kuwa kila lejioni ilikuwa na mtindo wake wa kujenga minara na maboma. Mwandishi wa habari za kale akitamani barua ya gavana inayoeleza kilichotokea, hana budi kutosheka na pembe isiyo na kazi. Na kwa kweli pembe hiyo ni shahidi mwaminifu kuliko barua, maana gavana angeweza kuwa na sababu ya kupamba.

Mabadiliko hayakuishia kwenye upana. Ngome kubwa za askari, ambazo mwanzoni zilikuwa nyuma ya mstari kwenye barabara ya kusini, ziliamriwa zihamishiwe juu ya ukuta wenyewe. Huko Chesters ngome iliwekwa mahali ambapo tayari palikuwa na mnara na handaki, na vyote viwili vikazikwa chini yake. Huko Housesteads msingi wa mnara uliobomolewa unaonekana hadi leo ndani ya ngome. Kisha nyuma ya ukuta kulichimbwa kazi nyingine, handaki pana lenye tuta kila upande, ambalo wataalamu huliita Vallum, na ambalo hukwepa ngome kwa kuzipitia kusini, jambo linaloonyesha kwamba lilikuja baada ya uamuzi wa kuhamisha ngome. Sehemu ya magharibi ya mabonge ya ardhi nayo ilijengwa upya kwa mawe baadaye, na karibu na Birdoswald ukuta wa mawe ulifuata mstari mpya, hivyo ukuta wa awali wa ardhi umesalia peke yake kwa kilomita kadhaa, ukionekana kama tuta la kawaida kwa mtu asiyeambiwa.

Mahali panapostahili kusimama kwa muda mrefu zaidi ni Limestone Corner, pembe ya kaskazini kabisa ya mstari wote. Jina la Kiingereza linasema jiwe la chokaa, lakini mwamba wake ni doleraiti, jiwe jeusi gumu lililoganda kutokana na miamba iliyoyeyuka chini ya ardhi. Handaki la kaskazini linapofika hapo linaishiwa nguvu. Askari walianza kazi, wakapasua mapande makubwa, wakatoboa matundu ya kabari katika jiwe lililokuwa likisubiri kupasuliwa, halafu wakaondoka. Mapande yamebaki handakini na juu ya kingo zake, na jiwe moja bado lina safu ya matundu ambayo kabari hazikuwahi kumaliza kazi yake. Kinachoshangaza ni kwamba Vallum, handaki la nyuma, lilikatwa kupita katika mwamba huohuo hadi likakamilika. Mtu angetarajia kinyume: upande wa adui ukamilishwe na wa nyuma uachwe. Uamuzi huo una maana kwa yeyote anayetaka kujua ukuta ulikuwa na kazi gani. Kama kazi kuu ingekuwa kuzuia jeshi lenye kushambulia, handaki la mbele lisingeachwa na pengo; lakini kama kazi kuu ilikuwa kudhibiti nani anaingia katika eneo la kijeshi na kupitia lango lipi, basi mstari wa nyuma usiokatika ulikuwa na thamani kubwa zaidi, na mwamba mkali wa Limestone Corner ungeweza kuachwa kama kizuizi cha kutosha kwa upande wa kaskazini.

Katika pwani ya Waswahili, kazi iliyoachwa katikati inayojulikana zaidi ni ya mfalme badala ya jeshi. Husuni Kubwa, jumba lililojengwa juu ya jabali upande wa mashariki wa mji wa Kilwa Kisiwani, linahusishwa na Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, aliyetawala mwanzoni mwa karne ya 14 na ambaye Ibn Battuta alimkuta mwaka 1331 akisifiwa kwa ukarimu. Jina la sultani huyo limepatikana katika maandishi ndani ya magofu. Ibn Battuta aliueleza mji kuwa wa miti, ingawa magofu yaliyo juu ya jabali ni ya jengo la mawe lenye vyumba zaidi ya 100, dimbwi la kuogea lenye pembe nane, nyua zilizopangwa kwa ngazi na vidaka vya mapambo. Neville Chittick, aliyechimba Kilwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, aliona kwamba jengo lilikaliwa kwa muda mfupi tu na kwamba sehemu zake, hasa ua mkubwa wa kusini wenye vyumba vinavyodhaniwa kuwa maghala, hazikukamilishwa. Sababu zinazotolewa ni kushuka kwa biashara ya dhahabu ya Sofala na misukosuko ya katikati ya karne hiyo. Msikiti Mkuu wa Kilwa, uliopanuliwa na sultani huyohuyo, nao uliporomoka sehemu yake mpya na haukujengwa upya mpaka karne ya 15. Tofauti na Warumi, ambao walibadili mpango na kuendelea, Kilwa haikubadili mpango. Ilikosa fedha au mtu wa kuutaka.

Gedi, kaskazini ya Mombasa, ni mfano wa jambo jingine kidogo. James Kirkman, aliyechimba hapo kuanzia mwaka 1948, alieleza kwamba mji ulizungushiwa ukuta wa nje uliokumbatia ekari 45 hivi katika karne ya 15, na kwamba ukuta wa ndani, wenye kuzunguka msikiti mkuu, jumba la mfalme na nyumba za matajiri, ulifuata katika karne ya 16, mji ulipopungua watu. Ni kupunguza upana kwa njia ya kusogea ndani.

Dubai haikupunguza. Iliuondoa ukuta. Katika karne ya 19 mji ulikua kwa namna ambayo nusu mita ya matumbawe haikuweza kuizuia: mwaka 1833 ukoo wa Al Bu Falasah wa kabila la Bani Yas ulihamia Dubai kutoka Abu Dhabi, mwaka 1841 ndui iliwafanya wakazi wa Bur Dubai kuhamia ng'ambo ya hori, Deira, ambako baadaye nako kulikuwa na ukuta, na ambako mnara wa Burj Nahar ulijengwa mwaka 1870 kulinda upande wa bara. Mwaka 1890, kwa maelezo ya kawaida, ukuta wa Bur Dubai ulibomolewa ili mji upanuke. Katika miaka iliyofuata wafanyabiashara kutoka Bastak na miji mingine ya Uajemi, waliovutiwa na unafuu wa kodi uliotolewa mwaka 1894, walijenga hapo nyumba zenye minara ya upepo zilizoupa mtaa jina la Bastakiya, ambao ndio mtaa wa kale wa Al Fahidi. Si vigumu kudhani kwamba baadhi ya matumbawe ya ukuta yaliingia katika nyumba hizo, maana tumbawe lililokwisha kukaushwa lina faida kubwa kuliko lile linalohitaji kutolewa baharini, na waashi popote duniani hawapendi kubeba jiwe mbali pasipo sababu. Nje ya nyumba za mawe, kuelekea nchi ya mchanga, palitawanyika vibanda vya makuti ya mtende.

Mwaka huohuo wa 1890 alifariki nchini Uingereza John Clayton, karani wa mji wa Newcastle, ambaye alitumia sehemu kubwa ya maisha yake marefu kununua mashamba yaliyopitiwa na Ukuta wa Hadrian ili mawe yake yasiendelee kuchukuliwa. Uharibifu aliouona ulikuwa mkubwa: baada ya uasi wa mwaka 1745 serikali ilijenga barabara ya kijeshi kutoka Newcastle kwenda magharibi, na kwa kilomita nyingi barabara hiyo iliwekwa juu ya ukuta wenyewe, mawe yake yakivunjwa kuwa kokoto. Clayton aliwaagiza wafanyakazi wake kuinua upya mawe yaliyoanguka, bila kiungo, na kuweka majani juu. Picha nyingi za Ukuta wa Hadrian zinazopendwa na wasafiri ni za kazi yake, na kwa mtazamaji wa kawaida hazina tofauti na za Warumi. Wataalamu wa karne ya 20 walichukua njia nyingine. Charles Anderson, msimamizi wa waashi wa serikali kuanzia miaka ya 1930, aliimarisha kwa chokaa kile alichokikuta bila kuongeza kimo, hata kama kilichokutwa kilikuwa kidato kibaya au moyo wa kokoto usio na uso. Kama njia ya Anderson ingekuwa imetumika kila mahali, wasafiri wangepiga picha chache, lakini vidato vyote vingeonekana.

Njia iliyotumika Dubai iko karibu na ya Clayton. Bastakiya ilikaribia kupotea kabisa. Katika miaka ya 1980 karibu nusu yake ilibomolewa, na iliyobaki iliokolewa baada ya mwaka 1989, pale msanifu majengo Rayner Otter, aliyekuwa akiishi katika nyumba moja ya mtaa huo, alipoanzisha kampeni na kumwandikia Mwana Mfalme Charles wa Uingereza, ambaye aliutembelea mtaa na kusema ungepaswa kuhifadhiwa. Katika kazi ya ukarabati iliyofuata msingi wa ukuta wa 1800 uligunduliwa, na mwaka 2001 kipande chake kiliinuliwa upya kwa matumbawe na jasi. Kipande hicho ni nadhifu, kimekamilika na kimepigwa mstari safi, na ndiyo sehemu ya ukuta wa Dubai isiyoweza kumweleza mtafiti jambo jipya juu ya wajenzi wake. Haionyeshi pale ambapo msingi ulikuwa mpana kuliko ukuta, kama ulikuwa. Haionyeshi lango lilipowekwa baadaye au kipande kilichotengenezwa baada ya mvua kubwa kula jasi ya chini. Haionyeshi kama ukuta wa udongo wa Cogan na ukuta wa matumbawe wa leo ni kitu kimoja kilichopigwa lipu au ni awamu mbili za kazi. Kwa maswali hayo wanaakiolojia watahitaji kutafuta msingi usioguswa, chini ya vichochoro vilivyobaki kati ya Al Fahidi na ngome, na kuupima kabla mtu mwingine hajaamua kuukamilisha.